Sajini Projestus Kaijage na Tepe Zake Tatu

Baba Padri, ndugu, majirani na marafiki mliofika, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imenituma nisome maisha ya kaka yangu, nami nitasoma polepole, maana shemeji yangu Verdiane, mjane wake, ametaka kila jambo lisemwe kama lilivyokuwa, bila kupunguzwa na hasa bila kuongezwa.

Marehemu Projestus Kaijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 huko Kamachumu, katika mkoa ambao leo unaitwa Kagera, Tanzania, akiwa mtoto wa nne wa mzee Leopold na mama Paskazia, akabatizwa kabla hajatimiza mwezi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akamaliza darasa la saba, akarudi kwenye migomba ya baba yake.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliingia jeshini, na baada ya mafunzo akapelekwa ghala la sare, mahali zinapotolewa kombati, bereti, buti, mikanda, na zile tepe za V ambazo askari hushona mkononi ili ajulikane yeye ni nani. Huko alipanda hadi Koplo, kisha mwaka 1989 akawa Sajini mwenye tepe tatu, na hapo ndipo ngazi ilipoishia. Alisoma kozi ya kupanda kuwa Sajini Taji, akafaulu, lakini nafasi zilikuwa chache na waliosubiri walikuwa wengi, miaka ikapita. Verdiane hakusahau kwamba sanduku la alama za Sajini Taji lilikuwa chini ya ufunguo wa mume wake, kwamba kila mwaka aliwatolea wenzake, wengine aliowapokea wakiwa kuruta, halafu anarudi nyumbani na tepe zake zilezile. Siku moja alimtania, "Baba Ange, si ufunguo unao wewe?" Mzee hakucheka. Akamjibu, "Ufunguo ni wa ghala, mama Ange, si wa cheo." Alistaafu tarehe 30 Juni 2004, akarudisha sare yote kama sheria inavyotaka, hadi kifungo cha mwisho, akatoka getini amevaa shati la kitenge.

Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Juni 1981, Mungu akawajalia watoto wawili, Ange mwaka 1983 na Faustin mwaka 1986, na baadaye wajukuu watatu. Mwezi Aprili 2016 Ange, ambaye ni nesi, aliwaleta wazazi wake hapa Sydney, wakaishi naye Mount Druitt pamoja na mume wake, Wainaina. Mzee alipapenda, isipokuwa jambo moja lilimtesa, kuona vijana stesheni wamevaa nguo za mabaka ya jeshi kana kwamba ni nguo za kuchezea mpira, wakati kwetu raia akionekana nazo anakamatwa. Mjukuu wake Shirleen aliponunua koti la mabaka alimwambia, "Babu, it's just fashion," yaani ni mtindo tu. Mzee akanyanyuka mezani na sahani yake, akaenda kumalizia chakula chake uani. Hata kanisani Seven Hills, wapo waliozoea kumwita Kanali kwa kumheshimu, naye kila Jumapili akawasahihisha, "Sajini, ndugu yangu, Sajini," mpaka Verdiane akachoka kusikia.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amekwisha kupokea Mpako Mtakatifu, Bwana alimwita.

Sasa familia inalazimika kueleza jambo ambalo wengi wenu mmeliuliza pale mlangoni. Ange na mumewe, kwa uchungu wa miaka yote aliyosubiri mzee, walichukua sura yake ya pasipoti, wakaibandika juu ya picha ya ofisa waliyoikuta mtandaoni, yenye nyota na taji mabegani, kola nyekundu, na medali za nchi ambayo mzee hakuwahi hata kupita angani mwake, wakaipeleka kwa mchapaji wa fulana huko Granville, ili fulana hizo zivaliwe leo msibani. Fulana zilipofika juzi jioni, Verdiane alikunjua moja, akauliza, "Huyu ni nani?"

Wainaina akamwambia, "Mama, hii ni heshima tu. Huku Sydney nani atajua?"

"Mwanangu, Mungu atajua, na yeye atajua. Mtu amerudisha mpaka kifungo, ninyi mnamzika na mali ya watu."

Ange akalia, akasema baba yake alistahili zaidi ya hicho cheo. Verdiane akasema hilo analijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyezipiga pasi zile tepe tatu miaka kumi na tano akingojea, na kama jeshi halikumpa, duka la Granville haliwezi kumpa. Mchapaji alikwisha kufunga, fulana nyingine zilikwisha kugawiwa, wala hapakuwa na muda. Ndiyo maana leo mmeombwa kuzigeuza, upande wa ndani ukae nje, na picha kubwa iliyokuwa isimame hapa imebaki ndani ya gari, imefunikwa shuka. Tunawaomba radhi. Wapo walionung'unika, tumewasikia. Wainaina ndiye aliyegeuza yake wa mwisho, hapo nje kwenye maegesho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mount Druitt waliotuletea chakula, wafanyakazi wenzake Ange waliomshikia zamu, kwaya, na wanajumuiya wote wa Seven Hills. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, nasi tumemrudishia mtu wake jinsi alivyokuwa.

Pumzika kwa amani, Sajini.