Rais Kwenye Meza ya Otia

Kona yetu ya hapa mjini Telavi tunaiita Soko la Hisa, ingawa tangu nianze kukalia benchi lake, kilichowahi kupanda hapo ni presha tu. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa katikati yetu, na Otia, jina la kijiweni Koo la Radi, amejiinamia kama mfiwa. Saa saba Rais anakuja kula mjini kwetu, na Otia ndiye tamada, mkuu wa meza, ambaye bila neno lake hata bwana harusi halambi glasi. Miaka kumi na tisa anaisubiri meza kubwa namna hii. Akiharibu, kiti kinakwenda kwa Gogi wa mtaa wa chini, ambaye hotuba zake zinalaza hadi mbwa. Na kimbembe chenyewe ni hiki: Rais ni mwanamke.

— Sasa shida iko wapi? akauliza Zauri Trekta. Si kuna glasi ya kuwatakia heri wanawake? Wanaume tunasimama, tunamaliza, tunakaa. Mtie humo.

— Humo pamoja na shemeji zako? akafoka Murmani, tunayemwita Profesa kwa mwaka wake mmoja wa chuo. Yule ni amiri jeshi mkuu! Mnywee kwenye glasi ya nchi.

— Halafu ya wanawake ikifika nimruke? Otia akashika kichwa. Nimwambie mbele ya watu kwamba yeye si mwanamke?

— Basi tusimame zote mbili, akasema Trekta. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Trekta, tunasimama, hatuinami! akasema Otia.

— Ndiyo maana nikasema sharti.

— Sikilizeni historia, akasema Profesa. Tamari alitawala hapa miaka mia nane iliyopita. Mwanamke, kavaa taji. Wazee walimwitaje? Mfalme! Kesi imekwisha. Mnywee kama mwanaume.

— Kaka, mke wangu ndiye anayepakua chakula! akalia Otia. Akinisikia namwita mwanamke mwanaume, nalala njaa!

Trekta akashusha sauti.

— Mimi naona mbali. Iceland walianza, Malta wakafuata, Lithuania wakaiga, leo sisi. Mnadhani ni bahati? Ni mpango, ndugu zangu. Wanashika ikulu moja moja ili matamada wachanganyikiwe. Tamada akichanganyikiwa, glasi hazinyweki. Mvinyo unabaki. Nani ataunywa?

— Nani?

— Si ni wao! Haba na haba hujaza kibaba.

Hata mimi nilimfikiria mama mkwe wangu, nikatetemeka.

Hapo likasimama gari jeusi. Akashuka mwanamama mmoja, faili kwapani.

— Habari zenu, mabwana. Natoka ofisi ya Rais. Namtafuta tamada.

Otia akainua kidole kama mtu anayeitwa jina mahakamani.

— Mheshimiwa anakusalimu, mzee wangu. Anasema kwao tamada ni yeye, hata kwenye harusi. Anaomba leo aongoze meza.

Profesa akaitafuta historia, akaikosa. Trekta akatukazia macho ya ‘si niliwaambia?’ Otia akavua kofia.

— Mama, nchi tumempa. Jeshi tumempa. Kura yangu nilimpa, Trekta shahidi. Lakini meza... jamani, meza aniachie!

— Nimekuelewa, mzee wangu. Mwanamama akafungua mlango wa gari. Twendeni basi. Nani anakuja kumwambia?

Benchi zima likaanza kutazama viatu.