Fundi Nati na Kompresa Iliyochukia Maharage

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kukitumikia kiwanda chetu cha samani, fundi wetu wa umeme atakabidhi funguo za chumba cha kompresa na kustaafu rasmi. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Fundi Nati. Nimeombwa mimi kuandika na kuwasomea wasifu huu kwa kuwa wasimamizi wenzangu wa enzi zile wameshatangulia, na daktari wangu naye siku hizi ananipangia miadi ya karibu karibu tu.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye bisibisi moja na maoni mengi. Haikuwahi kuzimika taa asieleze ni kosa la nani, na kwa kawaida halikuwa lake. Mahubiri yake juu ya ubaya wa waya mwembamba yamewahi kupoza chai ya idara nzima. Hata hivyo, katika zamu zake hakuna aliyepigwa shoti, na viti vyetu vilipulizwa rangi kila siku ya kazi, isipokuwa msimu mmoja.

Msimu huo kompresa, mashine inayosukuma upepo wa kupulizia rangi, ilianza vituko. Asubuhi inanguruma vizuri. Ikikaribia saa ya chakula, mota inakosa nguvu, inapata moto, swichi ya kinga inajikata, na wapuliza rangi wanabaki na bunduki zinazokohoa. Fundi alianza kwa kulilaumu shirika la umeme, maana halikuwa karibu kujitetea. Akailaumu swichi, akaibadilisha. Akaulaumu unyevu. Mwishowe mota ikafunguliwa, ikapelekwa kusukwa upya nyaya zake za ndani, ikarudi inang'aa kama bwana harusi, na siku hiyo hiyo ikazimika kabla hatujanawa mikono. Mkurugenzi akatangaza mbele ya wote kwamba ikizimika tena kwa sababu ya uzembe wa mtu, mtu huyo atatoka nje ya geti.

Jibu fundi alilipata kwa pua. Akiwa amepiga magoti kando ya mota, alinusa maharage yanayochemka kantini. Kwa mara ya kwanza akapima umeme pale pale kwenye mota, jiko likiwa linawaka, badala ya kupima asubuhi kwenye bodi kuu ya umeme. Kati ya nyaya tatu zinazoilisha mota, mmoja ulikuwa umepungua nguvu vibaya, na mbili zilizobaki zilikuwa zikibeba mzigo wa mwenzao hadi kuchemka. Akaufuata ule dhaifu mpaka juu ya dari. Huko akakuta umeungwa waya mwingine, unaokwenda moja kwa moja kwenye jiko la umeme la kantini. Kiungo kilikuwa nadhifu, kimefungwa kwa tepu ya kijani. Kiwanda kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyetumia tepu ya kijani.

Mwaka mmoja kabla, mpishi wetu, mama wa watoto watatu, alikuwa na soketi iliyoungua, na fundi akamsaidia kwa waya alioahidi kuwa ni wa muda tu. Kisha akausahau, kama mafundi wote wanavyosahau vitu vya muda, na kiungo kikavumilia mwaka mzima kabla ya kuanza kuchoka. Jiko lenyewe mkurugenzi alikuwa amelipiga marufuku. Ukweli ungewatoa wote wawili getini, mpishi akitangulia.

Basi fundi wetu, bingwa wa kulaumu wengine, akasimama mbele ya wakubwa na kueleza kwamba kosa lilikuwa nati iliyolegea, ambayo yeye hakuiona. Msimu mzima, mota imesukwa upya, kumbe nati! Tulimcheka mpaka machozi. Kwa kuwa nati hulegea yenyewe, geti lilimsamehe, ila cheo cha fundi mkuu kikampita. Jina la Nati alilipata kantini, kwa mpishi huyo huyo, ambaye kila akimpakulia alimuuliza kama leo amekaza vizuri. Naye alinyoosha sahani tu.

Mimi nilijua. Jumapili moja nilirudi kuchukua miwani niliyoisahau, nikakuta miguu miwili inaning'inia darini. Alikuwa akilivutia jiko waya wake lenyewe, mnene, alioununua mwenyewe.

"Bosi, ama unishikie ngazi, ama umwite mkurugenzi," alisema. "Ila usisimame tu hapo."

Nikashika ngazi. Jumatatu nikathibitisha kwa wakubwa kwamba nati nimeiona kwa macho yangu. Sikuiona, haikuwepo. Aliniomba ninyamaze, nikanyamaza, na nakiri kwamba utani ule niliuchangia kuliko wengi.

Mama Kantini, mpishi yule yule, ambaye chakula cha leo ni cha mkono wake, anasikia habari hii pamoja nanyi. Mkurugenzi yule hayupo tena wa kumfukuza mtu. Akimaliza kupakua, namwomba amtafutie fundi jina lingine, maana lile alilompa amelivaa kwa ajili yake.

Fundi, kwa niaba ya wote uliowatia upepo kwenye bunduki zao, asante. Tunakuombea siku ndefu, umeme usioyumba na sahani iliyojaa. Ngazi yako nimeishikilia vya kutosha, mikono imechoka. Shuka taratibu.