Daraja la Klarineti ya Baba

Nani kati yenu aliipinda klarineti ya baba yangu? Msitazamane, tutafika hapo, kwanza mnisikilize, maana historia hii ilikuwa isomwe na baba mdogo, naye alikwisha kuiandika vizuri kabisa, mpaka pale aliposema marehemu "aliacha muziki kwa hiari yake", ndipo mama akamnyang'anya karatasi akanipa mimi, akasema, "Soma wewe, mwanangu, huyu asije akatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akafuatiwa na shangazi, kisha baba mdogo. Alisoma mpaka darasa la nane, na huko shuleni ndiko mwalimu wa kwaya alikomkabidhi klarineti iliyokuwa imelala kabatini, akamwambia akiweza kuiunga bila kuivunja ataruhusiwa kuipuliza. Nyinyi mliozoea kuiita filimbi mmekosea miaka yote, filimbi ni kijiti kimoja, klarineti ni ukoo: kuna kipulizio kilichofungwa ulimi wa tete, kuna kipipa kifupi, kipande cha juu, kipande cha chini, na domo pana mwishoni, na vyote huingiana kwa vishina vilivyovikwa koki, lile gome laini la vizibo vya chupa, vinavyopakwa grisi kidogo na kuzungushwa polepole. Ugumu uko katikati, kwani kati ya kipande cha juu na cha chini kuna mkono mwembamba wa chuma uitwao daraja, nao hauinuki wenyewe, lazima uzibonyeze kwa vidole pete za kipande cha juu ndipo uinuke na kumpisha mwenzake wa kipande cha chini. Usipobonyeza, ukashindilia kwa kiganja kama mtu anayeunga bomba la maji, daraja linapinda, na sauti za chini hazitoki tena. Haya baba alinifundisha kabla sijajua kusoma.

Mwaka 1972 aliajiriwa na bendi ya manispaa, na tarehe 3 Aprili 1976 akafunga ndoa na mama, aliyekuwa mtunza stoo wa bendi hiyo, ambaye husema alimpendea vidole, sura alikuja kuizoea, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Baba mdogo naye aliingia bendini kwa kushikwa mkono na kaka yake, akapewa saksafoni, chombo kizuri sana, ila mwili wake ni mmoja, hauna daraja la kubonyezewa chochote.

Tarehe 14 Agosti 1983, mbele ya ukumbi uliojaa, baba alikuwa apige peke yake wimbo alioutunga mwenyewe. Alifungua sanduku, akaunga, akapuliza, klarineti ikatoa mlio wa bata aliyekanyagwa. Ukumbi mzima ukacheka. Baba akamwonyesha kiongozi wa bendi kwamba daraja limepindwa, lakini nani humsikiliza mtu anayechekwa, akaambiwa amelewa, yeye ambaye hata soda ilimpanda kichwani, akafukuzwa papo hapo, na saksafoni ikasimama kuziba pengo. Tangu hapo aliketi kwenye kibanda cha kutengeneza redio, mtaa ukimwita Mzee Bata, na baba mdogo akapanda mpaka akawa kiongozi wa bendi yeye mwenyewe, hongera sana. Kwenye harusi yangu nilimsikia akiwachekesha wageni: "Kaka pumzi alikuwa nayo, kilichomponza ni chupa!" Baba alikuwa ameketi meza hiyo hiyo, akatabasamu.

Novemba mwaka juzi kiharusi kilimlemaza mkono wa kulia. Mwezi jana baba mdogo alikuja kumjulia hali, baba akamwomba amuungie klarineti, aishike tu. Mimi na mama tulikuwepo. Akaishindilia kwa kiganja, daraja likapinda, pale pale penye makovu ya koleo la baba, alipolinyoosha zamani zile. Baba alitazama, akacheka mpaka machozi, akasema, "Mdogo wangu, hata leo hubonyezi?" Baba mdogo akaaga bila kumaliza chai yake. Jumanne mchana baba akafariki, kitandani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea viti na maji, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao leo, na bendi, iliyokuja na sare zilizopigwa pasi, kiongozi wao akiwa mstari wa mbele.

Umebaki mstari mmoja, ule wa kumtakia baba mapumziko mema, nao siusomi. Wabeba jeneza kaeni, jua lituchome sote. Shangazi, usinivute nguo, najua kuna wageni, ndiyo maana nauliza sasa, kwa sababu baba alichekwa hadharani, hawezi kusafishwa jikoni. Baba mdogo, viatu unaviangalia vya nini? Kipaza sauti hiki hapa. Simama.

"Basi, mwanangu, basi. Ni mimi. Niliichukua mchana ule, nione kama wimbo wake ningeuweza. Ikagoma kuungana, nikaisukuma, nikasikia chuma kinalia, nikairudisha sandukuni. Jioni nilikuwa nimeketi ubavuni kwake akiifungua. Ningemwambia. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nafasi yake."