Tata Kisimba na Gurudumu la Nikeli

Tarehe 31 Desemba 1998 Tata Kisimba Nkulu anakabidhi funguo za karakana ya turbo, mashine zinazosukuma hewa ndani ya injini za malori, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi hapa Kolwezi. Aliingia akiwa mfagiaji. Anatoka akiwa fundi mkuu.

Madereva wa mgodi wa Mashamba hawatamsahau. Lori likipanda kutoka shimoni, alikataa injini izimwe ghafla, turbo isije ikaungua kwa kukosa oili. Mkatoliki alisubiri kwa muda wa Salamu Maria tano. Aruna, msafirishaji wetu Mwislamu, alisoma Fatiha zake. Mwenye haraka alipewa ufagio.

Kampuni ilipoanza kuanguka, vipuri vilikoma kuja. Gurudumu la turbini ndani ya turbo, linalozungushwa na moshi wa injini, huchanganywa nikeli ili listahimili moto. Sisi tulichonga letu kwa chuma cha kawaida, tukajisifu. Mapanga yake yalikuwa manene na gurudumu likawa zito. Dereva akikanyaga mafuta, injini ilichelewa kuitika. Kwenye mlima mapanga yalipata moto, yakarefuka, yakakwaruza kasha, na nguvu zikaisha. Kisimba alikiri kosa hilo mbele ya wote.

Mwaka 1993 watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa hapa Kolwezi. Miongoni mwao alikuwa Kalala, aliyemfundisha Kisimba kazi, pamoja na watoto wake sita. Aruna alijitolea kuwafikisha Mwene-Ditu, huko Kasai, lakini lori lake, lenye injini kama za kwetu, lilikuwa na lile gurudumu la chuma. Lingekufa njiani, na siku zile kukwama njiani kulikuwa kifo. Ghalani lilibaki gurudumu moja la nikeli, mali ya kampuni. Kisimba akalichukua, akalifunga kwenye lori la Aruna.

Alipoulizwa hakuzungusha maneno: "Ni mi njo nililibeba. Muandike jina yangu." Alisimamishwa kazi miezi minane, akarudishwa kuwa fundi wa kawaida, ukuu aliupata tena mwaka juzi tu. Lori lilifika. Kalala na watoto wote wako hai.

Aliyemripoti ni mimi, Odile, karani wa ghala. Mama yangu ni wa Kasai, na niliogopa. Nilitaka nionekane mwaminifu. Tata, ulijua, na kila asubuhi bado ulinisalimia.

Sisi sote tunakushukuru, na tunakuombea pumziko jema na miaka mingi pamoja na mkeo, Mama Godelieve. Nami, mbele ya watu wote hawa, naomba unisamehe.