Mzee Kisigino, Fundi Viatu Aliyejifunza Upya Kusimama

Ndugu, jamaa, majirani na wateja, wengi wenu mkiwa mmesimama ndani ya viatu vilivyopita mikononi mwake, familia inaomba usikivu wenu tuwasomee maisha ya baba yetu kama tulivyoyakusanya watoto wake wanne, na palipo na kosa la tarehe tunaomba radhi, kwa sababu aliyezikumbuka zote ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mwashi na mkewe, na mama yake alipenda kusimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakutaka tena kubebwa. Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1946 hadi Novemba 1953, akafanya vizuri katika hesabu na vibaya katika kunyamaza.

Januari 1954 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, akaanzia kwenye kupaka gundi, akapandishwa hadi kukata soli, na baada ya miaka kumi na tisa, yaani mwaka 1973, alifungua karakana yake katika chumba cha mbele cha nyumba yake, penye dirisha linalotazama barabara. Huko ndiko alikopata jina la Mzee Kisigino, kwa sababu alikuwa akikigeuza kiatu kabla hajamsalimu mwenye kiatu, akatazama kisigino kilivyolika, kisha akasema mguu upi unauma. Tarishi mmoja wa posta, alipoambiwa kwamba goti lake la kulia linamsumbua, aliuliza kwa hasira ni nani aliyekwenda kumsema.

Tarehe 4 Agosti 1962 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa ghorofa ya juu pale pale kiwandani, ambaye mwezi wa kwanza wa kufahamiana alimpelekea jozi moja ya viatu mara tatu, vizima kabisa, naye akavitengeneza mara zote tatu bila kuuliza. Walijaliwa binti mwaka 1963, mtoto wa kiume mwaka 1966 na mapacha mwaka 1971, na marehemu ameacha wajukuu tisa na vitukuu wawili. Mama alitutangulia tarehe 2 Mei 2009, na tangu hapo Baba aliishi peke yake, akipika, akifua, na kufungua dirisha lake kila siku saa mbili asubuhi.

Tarehe 11 Juni 2013, akiwa na miaka sabini na mitano, alianguka jikoni alipogeuka ghafla kuzima jiko, hakuumia, na hakumwambia mtu. Kwa kuwa alikuwa fundi, alijitafutia dawa kifundi, akajitengenezea viatu vyenye soli laini ya mpira, unene wa vidole viwili, akiamini kwamba mguu uliolazwa juu ya godoro hauwezi kupatwa na lolote. Tarehe 20 Januari 2014, akiwa amevaa viatu hivyo hivyo, alijikwaa kwenye kizingiti cha karakana na kuvunjika kiwiko cha mkono wa kulia, mkono wa nyundo, akafungwa plasta.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili tarehe 9 Februari 2014, na binti yake wa kwanza, aliyekuwa ameshatayarisha chumba kwake, kitanda kimetandikwa na pazia limetundikwa, alimwambia kwamba kwake hatakosa kitu. Baba alijibu kwamba atakosa dirisha. Sisi wanawe tulikuwa na hofu, na hofu yetu ilikuwa ya haki, lakini yeye pia alikuwa na hofu yake, ya kuwekwa mahali kama mzigo uliofika salama. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetupatanisha, akapendekeza wiki kumi na mbili za darasa la wazee la taichi, yale mazoezi ya Kichina ya kujongea taratibu, na mwisho wake kipimo kifanyike, ainuke kitini bila kushika kitu, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi, na akizidisha sekunde kumi na mbili ahamie kwa binti yake bila ubishi. Alikubali mbele yetu sote, na siku ya kwanza ya darasa, tarehe 27 Februari, alitumia sekunde kumi na tisa na kushika ukuta alipogeuka.

Darasani walikuwa wanawake kumi na mmoja na yeye, kila Jumanne na Alhamisi. Mwalimu, binti mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwenye umri wa wajukuu zake, alichukua kiatu chake, akaibonyeza soli kwa kidole gumba, akamwambia kwa heshima zote, "Mzee, kwa soli hii miguu yako haiisikii sakafu." Mtu aliyekuwa amewaambia wenzake habari za viatu vyao kwa miaka sitini alirudi nyumbani akivitazama vyake mwenyewe, na mkono ulipofunguliwa plasta kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzing'oa soli zile kwa kisu chake na kutia ngozi nyembamba, ngumu.

Walifundishwa kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kugeuka na mwili wote badala ya shingo, na kutoinua mguu mmoja kabla ya kuwa na hakika na ule mwingine. Mwanzoni alilalamika kwamba upole wa mwendo ni kitu alichokuwa nacho tele nyumbani, hakuwa na haja ya kukifuata kliniki, na mkunga mstaafu aliyesimama kando yake akamjibu, "Shemeji, funga mdomo uvute pumzi, unatupepea." Akawa anafanya mazoezi karakanani pia, mpaka jirani mmoja alipomwona dirishani akiisukuma hewa kwa viganja akaja na ufagio kumsaidia kufukuza nyuki.

Tarehe 22 Mei 2014, binti yake alifika kliniki na maboksi ya kufungia vyombo ndani ya gari. Baba alitumia sekunde kumi na moja. Binti aliomba kipimo kirudiwe, akihisi kwamba amejiharakisha, naye akarudia kwa kumi na nusu, akaketi, akamuuliza kama kuna kingine. Dada yetu alitoka kwenda ukumbini akalia, na amesema tuseme hivi, kwamba mpaka leo hajui ilikuwa kwa kushindwa au kwa furaha.

Hatudai kwamba hakuteleza tena. Mwaka 2018 aliteleza kwenye vigae vilivyolowa, lakini mguu ulitangulia wenyewe ukamkamata, na tulisimuliwa habari hiyo kwa wiki nzima. Alihudhuria darasa kwa miaka minane na zaidi, na viatu vya wenzake wote alivitia soli nyembamba, watake wasitake.

Novemba 2022 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili, na kuanzia Februari 2023 alifanya taichi akiwa ameketi. Safari hii binti yake hakumwomba ahame. Alihamia yeye, chumba cha nyuma. Jumatatu tarehe 3 Aprili 2023, saa moja asubuhi, Baba aliinuka kitandani, akaupita mkono alionyooshewa na binti yake, akatembea hadi kwenye kiti cha dirishani, akageuka na mwili wote, akaketi, akaomba chai. Chai ilipofika alikuwa ameshaondoka, akiwa na miaka themanini na mitano na siku ishirini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, muuguzi wa kliniki, mwalimu wa taichi na wanadarasa wenzake, majirani waliolitazama dirisha lile kila asubuhi, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo. Kuna jozi saba rafuni zilizokwisha kutengenezwa, wenyewe wapite kuzichukua.

Baba, ulifika kitini kwa miguu yako. Sasa pumzika, kwa amani.