Dada Twende Anaiacha Meza ya Bima

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa tisa alasiri, dada yetu wa meza ya bima atafunga droo yake na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya kazi katika hospitali hii. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameikalia meza ile ile, kati ya mapokezi na dirisha la dawa, pale ambapo upepo wa mlango humpiga kila anayekaa. Sweta tatu zimemchakalia viwiko hapo.

Alianza kama karani wa mafaili. Kadi za bima zilipokuwa nyingi, wakubwa walitafuta mtu wa kuwaelekeza wagonjwa, na inasemekana alichaguliwa yeye kwa sababu siku ya kikao hakuwepo kukataa. Aliambiwa ni kazi ya miezi mitatu.

Wapo wanaofanya kazi hapa na hawalijui jina lake la kweli. Anaitwa Dada Twende. Sisi wengine humwambia mgonjwa nenda: nenda dirisha la nne, nenda kagongewe muhuri, nenda urudi kesho. Yeye husema twende, halafu huinuka. Anasema mgonjwa akitajiwa madirisha matatu husahau mawili, na akiwa na maumivu husahau yote. Basi miaka yote hiyo amepanga foleni na watu asiowajua, mpaka mlinzi wa getini humtania kwamba ndiye mgonjwa wetu wa kudumu, haponi wala hafi.

Babu mmoja alikuja na makaratasi yake yote ndani ya ndoo yenye mfuniko. Fomu iliyotakiwa haikuonekana. Dada akakaa naye sakafuni, mimi nimesimama na dekio langu nasubiri wamalize, akatoa karatasi moja baada ya nyingine mpaka ndoo ikawa tupu. Fomu ilikuwa imekunjwa mara nne na kubandikwa chini ya ndoo ili isiyumbe. Babu alishukuru, lakini akalalamika kwamba sasa itayumba.

Ni yeye aliyedai namba za madirisha ziandikwe kubwa, na mabenchi yawekwe upande wenye kivuli. Barua ya mabenchi aliiandika mara sita. Alipopata jibu alikuwa amechoka hata kufurahi.

Mimi ni wa usafi, korido ya chini na ghorofa ya tatu. Nimeombwa niandike haya kwa sababu ya binti yangu, na kosa lilikuwa langu, sitalificha.

Binti huyo, wa tatu kuzaliwa, alizaliwa na nyonga isiyokaa sawa. Alipofika miaka sita alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Sheria ya bima ni kwamba mtoto aanzie zahanati, zahanati iandike barua ya rufaa, ndipo aonwe na daktari bingwa. Hayo nilikuwa nayasikia Dada akiwaeleza watu kila siku. Lakini mtu wa ndani ya nyumba hujiona hahitaji kubisha hodi. Korido ya daktari wa mifupa naideki mimi, nesi wake ni rafiki yangu, basi Jumanne moja nikampenyeza mtoto kabla foleni haijaanza. Daktari alimwona. Akasema apasuliwe mapema, kwa sababu kila mwezi unaopita mfupa unazidi kukomaa vibaya, na akatupa tarehe. Nilirudi nyumbani najiona mjanja.

Bima wakakataa kibali. Kwao mtoto hakutoka popote. Hana zahanati, hana rufaa, ameota kama uyoga mlangoni kwa daktari bingwa. Na bila kibali chumba cha upasuaji hakifunguki.

Nilimficha Dada siku tatu kwa aibu. Siku ya nne aliniona napiga deki mahali pamoja kwa muda mrefu, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza huku nalia ndani ya ndoo. Hakunigombeza. Akasema, "Umeruka ngazi, mdogo wangu. Tushuke, tuzipande upya."

Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko, na aliitumia kwenye benchi la zahanati pamoja nasi. Pale nikafanya ujinga wa pili. Nilimbembeleza mganga aandike tarehe ya mwezi uliopita, ili tarehe ya upasuaji isitupite. Mganga akamtazama Dada. Dada akanigeukia mimi.

"Tarehe ya uongo wakiigundua hawatakataa kibali tu. Watamfutia mtoto kadi."

Basi iliandikwa tarehe ya siku ile, na nafasi yetu ya upasuaji akapewa mtoto wa mwingine. Nilimnunia Dada siku mbili nzima. Nilipita na ndoo mbele ya meza yake bila salamu, naye akawa ananisalimia mimi na ndoo.

Tulisubiri wiki saba. Kila Jumatatu alipiga simu bima, simu ameibana kwa bega, wanampigia muziki wa kusubiri, chai inapoa. Mtandao ulikatika. Ofisa aliyeanza kulishughulikia faili letu akaenda likizo, mwingine akataka tuanze mwanzo, na Dada akaanza mwanzo. Nami nilikuwa namuuliza kila nikipita, mara nne, mara tano kwa siku, maana usiku nilikuwa nausikia mguu wa mtoto ukiburuzika kwenda chooni. Siku moja aliweka kalamu chini akaniambia, "Mimi ni meza tu, mdogo wangu. Mungu yuko ghorofa nyingine." Tulicheka wote wawili, kicheko cha watu waliokwishachoka.

Kibali kilitoka Jumatano. Lifti ilikuwa imeharibika, na magoti ya Dada yamevimba tangu siku nyingi. Hajawahi kuyapeleka kwa daktari, eti foleni ni ndefu. Alipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya tatu nilipokuwa. Pumzi ya kusema hakuwa nayo. Alinipa karatasi, akakaa kwenye ngazi mbichi.

Binti yangu alipasuliwa wiki ile ile. Anatembea. Akichoka huchechemea kidogo. Nilimuuliza daktari kama ni zile wiki saba, akasema pengine ingekuwa hivyo hivyo. Sijui. Mimi na Dada tulikubaliana kutoliuliza tena swali hilo, kwa sababu sote wawili tulikuwa na sehemu yetu ndani yake.

Mezani anakuja dada mwingine, kijana, ana kompyuta yake na ana heshima. Wiki hii nimemwona akiinuka kitini mara mbili. Tumvumilie, na tusimrushie kila aliyepotea njia.

Dada yetu, asante. Umebeba wengi ambao hawakurudi kukuambia kama walipona. Hao nao wamo katika shukrani hizi. Sasa lala mpaka jua liingie dirishani, chai yako uinywe ikiwa ya moto, magoti yatibiwe, na simu ikilia uiache ilie. Sote wa hospitali hii tunakuombea siku ndefu zisizo na foleni.

Kuagana ni Ijumaa saa nane, chumba cha chakula. Binti yangu atakuja akitoka shule. Nimemwambia asikimbie koridoni, sakafu itakuwa bado mbichi. Namjua, atakimbia.