Bi. Kakizaki, Aliyeniacha Nimalize Kujisifu

Tarehe 31 Machi, Bi. Tomie Kakizaki anavua koti lake la kazi baada ya miaka thelathini na minane katika chumba cha ultrasaundi cha hospitali yetu ya watoto, hapa Yamagata. Chama cha wazazi kimeniomba mimi niandike kwa sababu, walisema, mdomo wangu haufungwi. Ni kweli. Mimi ni Shizue Odajima, mpishi wa tambi za soba, shule niliishia sekondari, na ni mama yake Chihaya, aliyeshinda mbio za mita mia nane wilaya nzima mwaka jana. Hilo nisingelala bila kulisema.

Bi. Kakizaki alianza kazi akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, enzi ambazo mashine ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Watoto wetu wa chama hiki walizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Walipasuliwa wangali wachanga, utumbo ukashonwa kwenye ini ili nyongo ipate njia. Tangu hapo kila baada ya miezi sita wanarudi kwake, maana ini la namna hiyo hubaki na makovu, na penye makovu saratani inaweza kuota hata kama macho ya mtoto ni meupe pe, hayana umanjano, na anakimbia kama swala. Wanaoipata ni wachache sana, madaktari wanasema. Wangu ni mmoja tu, sijui huo uchache niufanyie nini.

Watoto walimwita Shangazi Jeli. Ile jeli ya kupaka tumboni aliipasha kwenye beseni la maji moto, kisha akaijaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe. Siku moja alisahau kujifuta, akaenda kumpokea mkurugenzi mpya shavu likimetameta. Na kwa kuwa watoto huja na njaa, maana kipimo kinataka tumbo tupu, aliwapigisha gumzo la chakula.

“Ukitoka hapa unakwenda kula nini?”

“Wali na mayai ya samaki!”

“Na hunikaribishi? Mchoyo wewe!”

Gumzo hilo lilikuwa na kazi. Mpimaji haruhusiwi kusema alichokiona, daktari ndiye husema. Lakini sisi akina mama tunasoma nyuso kuliko wapiga ramli. Akinyamaza kidogo tu, mtu ameshazimia. Basi alijifunza kuongea vilevile, iwe heri, iwe shari.

Februari hii nilimpeleka Chihaya. Nilikuwa najisifu, kama kawaida yangu. Katika chama chetu hakuna heshima kubwa kama kuwa na mtoto wa miaka kumi na minne anayeishi kwa ini lake mwenyewe, maana wengi huishia kupandikizwa kipande cha ini la mzazi, na mimi nilikuwa nimeivaa heshima hiyo kama kimono cha harusi. Siku hiyo nilikuwa nasimulia zile mbio.

“Halafu? Yule wa mbele alikuwa amechoka?” aliuliza Bi. Kakizaki.

“Amechoka wapi! Chihaya kampita kwenye kona ya mwisho, yule mwenzake kabaki kula vumbi!”

“Mama, basi, unanitia aibu,” Chihaya akanong'ona.

“Mwache mama amalize,” akasema Bi. Kakizaki.

Mkono wake ulikuwa unarudi palepale, chini ya mbavu, tena na tena. Sikuuona. Nilikuwa naona mbio tu.

Baadaye daktari akatuambia. Uvimbe ambao majira ya joto haukuwepo, sasa ulikuwepo. Nikatoka mbio hadi chumbani kwa Bi. Kakizaki.

“Ulijua! Mimi napiga domo na wewe unajua!”

“Nilijua.”

“Kwa nini hukuninyamazisha?”

“Mama Chihaya, hizo zilikuwa dakika zako za mwisho za kutojua. Ningekunyang'anyaje?”

Siku hiyo nilimchukia. Leo dakika hizo ndizo mali yangu.

Nilipimwa nimpe Chihaya kipande cha ini langu. Daktari alilisifu: safi, kubwa, damu zetu zinaoana. Nikatamba kwa ukoo mzima. Wiki iliyofuata, picha za kifua zikaonyesha saratani imeshafika mapafuni, na ikifika huko hawapandikizi. Basi niko hapa na ini zuri ambalo halina pa kwenda. Dawa anaendelea nazo. Neno kupona daktari halitumii tena. Chihaya anajua yote, na karatasi hii ameisoma yeye kwanza, akaniamuru nifute mbio zake za mita mia nne, eti nitachosha watu.

Wazazi wenzangu, waleteni watoto kupimwa, hata hao wanaokimbia. Mtoto wa fundi wa mapaa alionekana na uvimbe ungali mdogo kama punje ya soya. Leo ana ini la baba yake na utundu usio na kifani. Hiyo ni kazi ya Bi. Kakizaki, naiinamia, ingawa kuna siku siwezi kumtazama yule mtoto.

Sasa anakwenda kwa mama yake mzee huko Sagae, kutunza miti ya matunda ya cheri. Jumapili iliyopita alikuja kwetu kula soba. Chihaya akamuuliza, “Shangazi, cheri zenu huiva lini?”

“Juni.”

Mwanamke ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuishiwa gumzo, aliishiwa mezani kwangu, vijiti mkononi.

“Basi niletee za chupa, za mwaka jana,” akasema Chihaya. “Na usiwe mchoyo.”

Bi. Kakizaki, asante kwa mikono yako. Pumzika, mtunze mama, kula vizuri. Tunakuombea miaka mingi. Miaka ingekuwa inakatwa na kugawiwa kama ini, ningekukatia yangu, ila ungekuwa wa pili kwenye foleni. Wa kwanza unamjua.